Waliookoa Sacco

Habari kwamba serikali itaiokoa Sacco ya Tei zilimfikia Mbithe akiwa na jiwe kichwani. Ilikuwa Jumatano, siku ya mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji, na wanawake wa Ngosini walikuwa wakishuka korongoni mmoja mmoja, kila mtu na jiwe lake, wakati Mutanu alipotoa simu kifuani akausoma ujumbe kwa sauti. Kabla hajamaliza, vigelegele vilikuwa vimepaa. Wengine walitupa mawe chini papo hapo wakaanza kucheza. Mbithe peke yake ndiye aliyefika mpaka kwenye rundo, akaliweka jiwe lake vizuri, akajipangusa vumbi, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyetaka kulisikia.

“Hiyo pesa inatoka wapi?”

“Wewe nawe!” Mutanu akamcheka. “Inatoka kwa serikali. Si nimesoma?”

“Serikali haina shamba la ndengu. Ikitoa hapa, kuna mahali imechota.”

“Wacha kutuharibia siku, Mama Mulwa. Hata Yesu akirudi, wewe utamwitisha kitambulisho.”

Walicheka wote, na Mbithe akacheka nao kidogo, maana aliyejua ubaya wa tabia yake kuliko wote ni yeye mwenyewe. Mtu akimsalimia kwa furaha kupita kiasi, alijiuliza anataka nini. Mchungaji akitangaza sadaka imefika elfu kumi na mbili, yeye alikuwa amekwisha kuvipigia hesabu vikapu. Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba alioa askari.

Lakini ngoja niseme haki yake. Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya mlango uliofungwa, pesa zake zikiwa ndani, asimcheke Mbithe. Sacco ya Tei ilikuwa chama cha akiba cha wakulima wa Kathonzweni na vijiji vya karibu, wanachama elfu sita, na ilifunga milango mwezi wa tatu bila kumuaga mtu. Waliofika asubuhi hiyo walikuta karatasi imebandikwa kwa gundi: samahani kwa usumbufu. Usumbufu! Ndani ya usumbufu huo kulikuwa na laki mbili na elfu kumi na nne za Mbithe, miaka saba ya ndengu na maembe, na zilikuwa za karo ya chuo ya Mulwa, mtoto wake wa mwisho. Alirudi nyumbani siku hiyo akafunga mlango akalia, na alipotoka nje alisema moshi umemwingia machoni.

Zilikwenda wapi? Hapakuwa na haja ya mpelelezi. Mwenyekiti Munyao na wenzake watatu kwenye kamati walikuwa wamejikopesha wenyewe, wakajidhamini wenyewe, wakajiongezea muda wa kulipa wenyewe. Huku Sacco ikikauka, kule mjini Wote lodging ya Munyao, nyumba yake ya wageni, ilikuwa ikipanda ghorofa ya tatu, na vioo vya buluu vikitiwa.

Basi Mbithe alikuwa na kidonda cha Sacco. Lakini kitu kilichokuwa rohoni mwake kabisa kilikuwa pale chini korongoni. Ngosini ni kijito cha mvua. Maji hupita kwa kishindo siku tatu, kisha hubaki mchanga mtupu mwaka mzima. Wakizuia kijito hicho kwa ukuta wa mawe na simiti, mchanga utajaa nyuma ya ukuta, na mchanga ule utahifadhi maji miezi na miezi. Majirani zao wa upande wa Matiliku walikuwa wamejenga, na sasa walichimba kwa mkono wakanywa. Ngosini waliambiwa: leteni mawe, serikali italeta simiti na fundi. Kwa hivyo walileta mawe. Misimu miwili ya kiangazi, kila Jumatano, watu thelathini na watano, wanawake thelathini na mmoja na wanaume wanne, walibeba mawe mpaka rundo likafikia urefu wa nyumba. Mbithe alikuwa karani wao. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye ofisi ya kata, akaweka kidole kwenye bajeti iliyobandikwa ukutani, akausoma mstari mara mbili: bwawa la Ngosini, milioni tatu na laki mbili. Mafundi wangekuja mwezi wa nane, kabla ya mvua za vuli.

Daftari la mwethya lilikaa kwake. Kazi ikiisha, kila aliyekuja alitia sahihi au kidole mbele ya jina lake na namba ya kitambulisho, maana asiye na alama alitozwa mia mbili, na mia mbili Ngosini si pesa ya mchezo. Kwa hiyo watu wake walikuwa wamezoea: Mbithe akifungua daftari, unatoa kidole. Hawakuuliza. Wangeuliza nini, na wao wenyewe wametoka kubeba mawe?

Siku chache baadaye Mbithe alipita Kathonzweni sokoni, dukani kwa Khamisa. Khamisa, Mama Jamal kwa majirani, aliuza leso na sare za shule. Baba yake, Abdulatif, alikuja kutoka Mwingi zamani akafungua duka hilo, na Khamisa na Mbithe walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana. Rafu zilikuwa tupu. Laki nne za Khamisa zilikuwa zimefungiwa kule kule kwenye Sacco.

“Wanasema watu wa Mfuko wanakuja Jumatano,” Khamisa akamwambia. “Mfuko wa Kunusuru Vyama. Milioni mia moja na arobaini, Mama Mulwa.”

“Mtu aliyevunja chungu analetewa kingine. Kesho atakivunja tena.”

“Wewe unafikiria Munyao. Mimi nafikiria duka. Nikifunga, yule fundi wa cherehani hapo nje anaenda nyumbani. Wanunuzi wa ndengu walikuwa wanakopa Sacco ndio wanunue kwenu, si ndiyo? Sasa mtauzia nani? Nyumba ikishika moto, mimi sitaki hadithi ya nani alicheza na kiberiti. Nataka maji.”

Maneno ya Khamisa yalikuwa na uzito, na hilo ndilo lililomsumbua. Alipenda zaidi kubishana na watu wajinga.

Jumatatu jioni kijana mmoja alifika nyumbani kwake na gari jeupe. Alikuwa Ndeti, ofisa wa Mfuko, mzaliwa wa Mbumbuni, shati limenyooka, na adabu nyingi mno. Alikataa kiti, kisha akakaa. Alikataa chai, kisha akanywa mbili.

“Mwaitu,” alimwita kwa Kikamba, yaani mama, “nimesikia wewe ndiye unashikilia ule mwethya wa Ngosini. Tunaomba mje wote baraza ya Jumatano, pale ukumbi wa kanisa.”

“Jumatano ni siku ya mawe.”

“Najua, mwaitu. Lakini hii ni public participation. Sheria inataka watu wasikizwe. Kuna nauli, mia tano kila mtu, na chakula.”

“Wengine wetu hawana hata shilingi kwa hiyo Sacco. Hao mnawataka wa nini?”

“Wote tu. Hili ni jambo la jamii.”

Alipoondoka, Mbithe alikaa akiitafuna ile “wote tu”. Kulikuwa na kitu ndani yake. Aligeuza huku na huku mpaka akafikiri amekipata: Munyao anataka ukumbi ujae. Anataka kupigwa picha mbele ya viti vilivyojaa, aonekane bado anapendwa, arudishiwe kiti chake pamoja na milioni mia moja na arobaini za kuchezea. Ndiyo! Aliamua watakwenda wote, tena yeye atasimama, na Munyao atajuta kuita watu.

Asubuhi yake alizunguka nyumba kwa nyumba. Nduku ndiye aliyekataa. Nduku alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mkavu, hana mtoto nyumbani, hana punda, na mtungi wake wa lita ishirini aliubeba mwenyewe mgongoni, kamba kichwani, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi. Hajawahi kuweka pesa popote kwa sababu hajawahi kuzibakiza.

“Mimi nitaenda kufanya nini huko? Sacco si yangu,” alisema.

“Njoo tu. Nitakuandika umefanya kazi.”

“Utaniandika?”

“Nikisema nimekuandika, nimekuandika.”

“Haya,” Nduku akasema. “Kama ni wewe.”

Jumatano ukumbi ulifurika. Munyao alikaa mbele na tai, mikono juu ya tumbo, akitabasamu kama bwana harusi. Ndeti alieleza kwa nusu saa. Alisema ukwasi, alisema mtikisiko, alisema imani ya wateja. Watu waliitikia kwa vichwa, nusu yao wakinusa pilau iliyokuwa ikipikwa nje. Alisema pia kwamba fedha zimepatikana “kwa kupanga upya vipaumbele”, na maneno hayo yalipita juu ya vichwa vya watu yakapitiliza dirishani.

Yalipita pia juu ya kichwa cha Mbithe. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza swali lile la kwanza pale korongoni, na siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kuliuliza tena. Lakini hakuwa anamsikiliza Ndeti. Macho yake yalikuwa kwenye tai ya Munyao.

Wakati wa maswali alisimama wa kwanza.

“Mimi naitwa Mbithe wa Ngosini. Naomba huyo kijana aniambie. Mnaleta pesa mpya, mnampa mtu yule yule?”

Ukumbi ukalipuka. “Mwambie! Mwambie!”

“Kama Munyao atabaki kwa hicho kiti, sisi hatutaki kuokolewa. Afadhali tufe njaa tukijua nani ametuua.”

Watu walisimama juu ya viti. Khamisa, aliyekuwa amekaa mstari wa pili, alijifunika uso kwa mtandio kwa hofu kwamba rafikiye atamkosesha laki nne. Ndeti alimwinamia Munyao wakanong’ona. Na hapo ndipo Mbithe alipopaswa kushtuka, maana walinong’ona muda mfupi mno. Munyao alisimama, akafungua kifungo cha koti, akasema kwamba kwa ajili ya upendo wake kwa wanachama, anaachia kiti.

Vigelegele vilivyofuata vilisikika mpaka barabarani. Mbithe alibebwa juujuu. Hakuwa amewahi kushangiliwa hivyo maishani, hata siku ya harusi yake, na kichwa kilivimba, tusifichane. Alikuwa bado anatetemeka kwa furaha Ndeti alipomfuata na uso wa mtu aliyeshindwa kwa heshima.

“Mwaitu, umetuweza. Sasa tulipe nauli, watu wakale. Lakini tukianza kuandika majina upya tutalala hapa. Nasikia una daftari?”

Alilitoa. Kwa mazoea yake alichunguza kwanza: akaikagua karatasi ya Ndeti, iliyoandikwa juu “Waliohudhuria”, akaona haina neno lingine. Hapo akaridhika. Alifungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe, na watu wa Ngosini wakapanga foleni, kama kila Jumatano, kila mtu akatia alama mbele ya jina lake na namba yake. Thelathini na watano, hakukosa hata mmoja. Nduku aliubonyeza wino kwa nguvu kama kawaida yake. Ndeti aliupiga picha ukurasa, akawashukuru, akawapa mia tano mia tano. Pilau ilikuwa na nyama.

Mwezi wa saba, Jumanne moja, simu ya Mbithe ililia akiwa anapura ndengu. Laki mbili na elfu kumi na nne. Alisoma ujumbe, akafuta kioo kwa leso, akasoma tena. Kisha mama huyu asiyeamini kitu alipiga magoti juu ya maganda ya ndengu akamshukuru Mungu kwa sauti. Mulwa alikwenda chuoni. Duka la Khamisa lilijaa sare mpya, na cherehani ya pale nje ikaanza kuimba tena. Kwa wiki kadhaa Mbithe aliona haya kwa mashaka yake yote. Alianza hata kuwasalimia watu kabla hawajamsalimia.

Mwezi wa nane mafundi hawakuja. Labda wamechelewa. Wiki ya pili ya mwezi wa tisa, simiti haijaonekana, na mawingu yalikuwa yanaanza kujikusanya upande wa vilima. Mbithe alifunga safari hadi ofisi ya kata. Bajeti mpya ilikuwa imebandikwa pale pale ukutani. Alipitisha kidole juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Ngosini haikuwemo. Karani wa pale alimwambia aulize Mfuko, mjini Wote.

“Kwa nini niulize Mfuko habari za bwawa?”

“Uliza tu, mama,” karani akasema bila kumtazama.

Ndeti alimpokea kwa adabu ile ile. Hakujificha, na Mbithe angalau alimpa heshima hiyo. Aliitoa faili, akaifungua mezani, akaigeuza imwelekee. Barua ya juu ilikuwa na kichwa: Ridhaa ya Wanufaika wa Mradi. Ilisema kwamba jamii ya Ngosini imekubali fedha za bwawa lao zihamishiwe uokoaji wa Sacco. Chini yake palikuwa na nakala ya ukurasa wa daftari lake. Majina, namba, sahihi, vidole. Thelathini na watano.

“Mwaitu, si huu ni mwandiko wako?”

Mbithe alikaa bila kukaribishwa.

“Hii ni mahudhurio,” alisema. “Watu wangu walikuwa wanasema wamekuja. Basi.”

“Sheria inasema pesa ya mradi haihamishwi bila watu wa mradi. Watu wa mradi ni wale wako kwa daftari lako. Tulifanya hivyo kwa mabwawa kumi na mawili, si lenu peke yake. Na nilisema pale ukumbini, mbele ya watu wote: tunapanga upya vipaumbele.”

“Ulisema Kiswahili cha redio.”

“Hakuna aliyeuliza pesa inatoka wapi, mwaitu. Mliuliza tu juu ya mwenyekiti.”

Ilikuwa kweli, na ilimchoma mpaka kwenye mfupa. Ndeti akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye hili lilikuwa limemkosesha usingizi pia. “Watu elfu sita. Maduka yangefunga, ndengu zingeozea ndani. Wewe mwenyewe umelipwa yote, si ndiyo? Bwawa linaweza kungoja mwaka ujao.”

“Mwaka ujao wa nani?”

Ndeti alizipanga upya karatasi za faili.

“Na mikopo ya Munyao?”

“Aliachia kiti, vile mlitaka.”

“Nimeuliza mikopo.”

Ndeti alifunga faili. “Imeingia kwa yale madeni Mfuko umebeba.”

“Kwa hivyo ile lodging imebaki yake.”

“Kisheria, ndiyo.”

Akirudi alipitia Kathonzweni, akamweleza Khamisa yote akiwa amesimama, maana akikaa angelia. Khamisa alisikiliza huku akikunja sare ile ile mara tatu.

“Sema serikali imekula,” hatimaye akasema. “Nani atabisha? Watu wenu wamezoea kusikia hivyo. Hakuna haja ya kutaja daftari.”

“Nduku alikuja kwa sababu mimi nilimwambia aje.”

“Mama Mulwa, ulikuwa hujui.”

“Kazi yangu kwa huo mwethya ni moja tu, Mama Jamal. Ni kujua kinachoandikwa.”

Lakini njiani, nisimpambe, aliupanga uongo huo vizuri sana. Alipofika nyumbani ulikuwa umekamilika na mikono na miguu: serikali imekula, wezi wakubwa, tuombe Mungu. Alilala nao usiku baada ya usiku. Jumatano asubuhi ulikuwa bado mdomoni mwake alipowakuta watu wamezunguka rundo la mawe, na Nduku alikuwa tayari ameleta jiwe lingine, kubwa, lisilohitajika. Mbithe alilitazama jiwe hilo, akauacha uongo.

Aliwaambia. Alieleza faili, barua, na ukurasa wa daftari. Alisema “mimi” kila mahali ambapo angeweza kusema “wao”. Alipomaliza maneno yalianza pembeni, na hayakuwa makali kama alivyotarajia. Mutanu, mwenyekiti wa mwethya, alishika kiuno.

“Sasa tumuue? Alidanganywa kama sisi. Na Sacco si ilirudi? Mimi nasema tumsamehe, tuendelee na maisha. Wanaomsamehe wainue mkono.”

Mikono iliinuka haraka. Mbithe alihisi kifua kikifunguka. Alikuwa hajalala vizuri siku tano. Kisha, kwa ile tabia yake mbaya, akahesabu. Mikono kumi na minane. Akatazama ni ya nani. Kwenye kundi lao waliokuwa na pesa Sacco walikuwa kumi na tisa, yeye akiwemo. Mikono iliyoinuka ilikuwa ya wale wengine wote kumi na wanane, na haukuongezeka hata mmoja. Waliobaki, kumi na sita, walikuwa wametazama chini mikono imelala.

“Wengi wamekubali,” Mutanu akasema. “Imepita.”

“Ngoja,” Nduku akasema. Hakupaza sauti. “Mimi sikuwa na kitu kwa hiyo Sacco. Nyinyi mliokolewa. Sasa na huyu mmemuokoa. Mimi naulizwa lini?”

Mbithe aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, kwa sababu nusu dakika iliyopita alikuwa amefurahi. Alikuwa ameachiliwa vile vile Munyao alivyoachiliwa, na watu wenye mifuko iliyojaa, kwa gharama ya mwanamke mwenye mtungi mgongoni. Naye aliona ni sawa.

“Kura hiyo siitaki,” alisema. “Nduku, wewe sema. Unataka nini?”

Nduku alifikiri. “Nataka kidole changu kitoke kwa hiyo karatasi.”

“Hakuna kitu kingine?”

“Hicho kwanza.”

“Naweza kuandika barua,” Mbithe akasema polepole. “Kwamba vidole vile vilikuwa vya mahudhurio, havikuwa vya kukubali. Tukitia alama tena, tuipeleke mpaka kwa wakaguzi wao huko juu, itabidi faili ifunguliwe.”

Mutanu ndiye aliyeelewa kwanza. “Wakiifungua, si wataitisha pesa zetu?”

“Sijui. Wanaweza.”

“Na zako?”

“Na zangu.” Akilini alimwona Mulwa akiwa amesimama nje ya lango la chuo na sanduku lake. “Na zangu pia.”

“Watoto wako shule, Mama Mulwa! Unatuokoa asubuhi, unatuzamisha jioni!” Mutanu aliokota leso yake, akaikung’uta kwa hasira, akaupanda mteremko. Wengine walimfuata, wawili wawili, bila kuaga. Walikuwa watu waliobeba mawe misimu miwili, na hawakugeuka kulitazama rundo. Wawili tu kati ya wale kumi na wanane ndio waliosimama njiani, Wayua na dada yake, hawajui waende wapi, kisha wakarudi taratibu wakakaa mbali kidogo na wengine.

Mbithe aliandika barua akiwa ameweka daftari gotini. Ilimbidi achane karatasi ya kwanza. Alipomaliza aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, hakuruka kitu. Kisha akafungua kikopo cha wino, akamsogezea Nduku.

Nduku hakutoa kidole.

“Soma tena.”

Alisoma tena.

“Sasa mpe mtu mwingine asome.”

Barua aliyoiandika Mbithe, kusomwa na mtu mwingine! Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea Ngosini. Mbithe alimpa Ndolo, mmoja wa wale wanaume wanne, naye akaisoma kwa kuvuta vuta kama mtoto wa darasa la nne. Maneno yalikuwa yale yale. Nduku alisikiliza hadi mwisho, lakini hakuwa akimtazama Ndolo. Muda wote alikuwa akiutazama uso wa Mbithe. Ndolo aliposhusha karatasi, Nduku alikikunja kidole gumba ndani ya ngumi.

“Asome na Wayua,” akasema.

Mbithe aliichukua karatasi kwa Ndolo akainyoosha kwa Wayua. Alijua kwamba angekuwa yeye angefanya vivyo hivyo, na ilimuuma.